Mwezi wa Matofali

Wako watu wanaosema kwamba hadithi za kubuni ni kazi ya wavivu. Sisi hatukubali. Tutazame habari za sateliti, ndivyo vyombo vinavyorushwa juu sana, vikaizunguka dunia kama mwezi.

Mwaka wa 1869 mchungaji mmoja wa Boston, kule Marekani, jina lake Edward Everett Hale, alianza kuandika gazetini hadithi iitwayo The Brick Moon, maana yake Mwezi wa Matofali. Zamani hizo baharia aliijua nafasi yake upande wa kaskazini kwa kuitazama nyota ya kaskazini. Lakini kujua amefika wapi mashariki ao magharibi ilikuwa kazi ngumu, na merikebu nyingi zilipotea. Basi vijana wa hadithi wakasema: Tujenge nyota ya pili! Wakajenga mpira mkubwa, upana wake yapata meta 60. Mbona matofali? Kwa sababu walidhani chuma kingeyeyuka kwa kupita hewani mbio mbio, bali tofali limezoea tanuru. Magurudumu makubwa yaliyozungushwa na maji yangeurusha juu. Kumbe mpira ukateleza kabla ya saa yake, ukaruka pamoja na watu 37 waliokuwa ndani. Hawakufa. Walilima huko juu, wakapeleka habari duniani kwa kurukaruka, mruko mrefu na mruko mfupi, kama alama za telegrafu! Twadhani mwandishi mwenyewe alicheka alipoandika hayo.

Lakini haja ya mabaharia haikuwa mchezo. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, mpira wa sentimeta 58, uliozunguka dunia kwa dakika 96. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliisikiliza sauti yake katika redio. Ilibadilika ilipokaribia na ilipokwenda mbali, kama firimbi ya gari la moshi linalopita mbele yako. Kwa mabadiliko hayo waliijua njia yake. Ndipo mwenzao akaligeuza jambo: tukiijua njia ya sateliti, msikilizaji ataweza kujua yeye mwenyewe yuko wapi. Aprili 1960 ikarushwa Transit 1B, ya kuonyesha merikebu mahali zilipo. Ni haja ile ile ya Hale, baada ya miaka 91.

Mwandishi mwingine wa hadithi ni Mwingereza Arthur C. Clarke, aliyejua pia kazi ya rada. Oktoba 1945 aliandika katika gazeti la Wireless World kwamba chombo kilicho juu kilometa kama 36,000 kitazunguka mara moja kwa siku, nacho kitaonekana kimesimama palepale. Vitatu vyatosha kupeleka sauti na picha karibu duniani kote. Mwaka wa 1964 sateliti Syncom 3 ilipeleka Marekani picha za michezo ya Olimpiki ya Tokyo.

Ajabu, hata Clarke aliweka watu ndani, kama Hale. Nani mwingine angebadilisha taa za redio zikiungua? Miaka miwili tu baadaye, mwaka wa 1947, ikavumbuliwa transista, kitu kidogo kisichoungua upesi kama taa zile. Basi sateliti zikaenda zenyewe, bila mtu wa kurukaruka juu yake.