Nyimbo Zile Zile, Masikio Mengine

Juma hili tuongee juu ya muziki, kwa sababu huingia katika kila nyumba bila kupiga hodi. Karibu kila mama ninayemjua analalamika juu ya nyimbo za watoto wake. Lakini mwulize yeye mwenyewe alipenda nini alipokuwa na miaka 15, ataanza kucheka kabla ya kujibu.

Mimi nilikulia Lubumbashi, upande wa Kamalondo. Baba yangu alipenda gitaa la Jean-Bosco Mwenda. Huyo ni mtu wa kwetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, na gitaa lake likasikika mbali sana na Katanga. Aliimba kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwetu. Hata hivyo, mimi na wenzangu tuliona hizo ni nyimbo za wazee. Sisi tulitaka za Kinshasa: Franco, Tabu Ley, na zaidi ya wote Mbilia Bel. Kilingala hatukukijua vizuri. Tuliimba kama kasuku, na pale maneno yalipotushinda tulitia ya kwetu.

Nikifikiri leo, naona kwamba hatukuchagua kwa masikio peke yake. Tulichagua watu tuliotaka kufanana nao. Mbilia Bel alikuwa mwanamke kijana anayesimama mbele ya wanaume wengi wenye vyombo, na wote wanamfuata yeye. Kwa msichana aliyekuwa anaambiwa kila siku anyamaze mbele ya kaka zake, hilo halikuwa jambo dogo.

Franco alipotoa "Mario" mwaka 1985, tuliucheza wimbo huo katika kila sikukuu. Tulingoja magitaa yachangamke, basi. Miaka ilipita, nikaolewa, nikazaa, nikaanza kuuza unga sokoni, na kwa biashara hiyo Kilingala kikaniingia. Siku moja nganda ya jirani iliupiga tena. Ni habari ya kijana mwenye masomo anayeishi kwa mali ya mwanamke aliyemzidi umri. Kati yetu wauzaji alikuwepo mama mmoja ambaye faida yake yote iliishia mikononi mwa kijana wa namna hiyo. Siku hiyo hakuna aliyecheza. Tulisikiliza maneno, na yule mama akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Wimbo haukuwa umebadilika hata kidogo. Sisi ndio tuliokuwa tumebadilika.

Mwaka 2014 mume wangu alifariki. Katika ukoo wetu, mjane hapigi muziki nyumbani mpaka kilio kiishe. Nilikaa karibu mwaka mzima katika ukimya. Nyimbo za kanisa tu ndizo ziliniingilia, wamama walipokuja kuniimbia, na kwa kweli zilinishika nisianguke. Wengi wetu siku hizi hawasikilizi nyingine. Marie Misamu alituacha mwaka 2016, lakini sauti yake bado inawafariji watu usiku, na mimi nashukuru kwa hilo.

Ila kilio kilipoisha, nikawa na ruhusa ya kufungua wimbo wowote, sikutafuta Franco wala Mbilia Bel. Nilimwomba kijana anayetia nyimbo katika telefone pale sokoni anitafutie Mwenda. Sikuwa na nguvu ya kubeba magitaa manne na ngoma. Nilitaka gitaa moja na sauti moja, kwa sababu nyumba yangu nayo ilikuwa imebaki na sauti moja. Wifi mmoja alipita, akasema mjane anayepiga gitaa anatafuta mwanaume. Nilimjibu kwa upole: "Wifi, simtafuti mwanaume. Namtafuta baba yangu." Hakurudia tena neno hilo.

Sasa nina binti wa miaka 17. Yeye anapenda Innoss'B, mtoto wa Goma, na nyimbo nyingi za Nigeria. Hizo za Nigeria haelewi hata nusu ya maneno, kama mimi na Kilingala changu cha zamani. Zipo nyimbo ninazomwambia azime, hasa wadogo zake wanapokuwa karibu, na anajua kwamba juu ya hilo sibishani. Lakini kabla ya kusema "zima", huwa namwuliza: "Unapenda nini hapo?"

Jioni moja tulikuwa tunatayarisha sombe, akanijibu kwamba anaupenda wimbo fulani kwa sababu msichana anayeimba hamwombi mtu yeyote ruhusa ya kukataa. Niliendelea kuponda, sikuinua macho. Kidogo kidogo akanieleza kwamba kuna mvulana anayemfuata kila siku njiani akitoka masomoni, naye alikuwa anaogopa kusema asije akakatazwa kusoma. Kesho yake tulipanga awe anarudi pamoja na wasichana wa jirani, na kaka yangu akaenda kuongea na wazazi wa mvulana. Kama ningemwuliza moja kwa moja, "Una shida gani?", angejibu, "Hakuna, mama."

Ndiyo sababu sioni tena kwamba muziki wa watoto ni kelele tu. Wimbo anaoupenda mtu unaonyesha anachokosa, anachoogopa au anachotaka kuwa. Kesho atapenda mwingine, kwa sababu maisha yatamwuliza mengine.

Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo zote mbili katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Tulifurahi, na ilistahili. Lakini urithi wa nyumbani haujiandiki wenyewe, ni sisi tunaouandika kwa kuongea. Juma hili, mwombe mtoto wako akusikilizishe wimbo mmoja, umalize bila kumkatiza, kisha umsikilizishe mmoja wa kwako na umweleze ulikuwa nani ulipoupenda. Na kama mama yako au baba yako bado yupo, mwulize na yeye. Mimi wa kwangu sikuwahi kumwuliza kwa nini alimpenda Mwenda namna ile, na sasa gitaa tu ndilo lililobaki kunijibu.