Bamia, asali na uzi wa chandarua

Katika mzigo wa familia iliyokimbia makwao, chandarua ni kati ya vitu vyepesi kabisa. Pia huharibika upesi, mara nyingi kwa sababu hakuna aliyeeleza uzi wake ni kitu gani. Huko Kasomeno, kwenye njia panda ya Kasenga na Pweto, malaria haimngojei mtoto apate nyumba ya matofali kwanza. Kwa hiyo uzi huo unastahili kujulikana.

Uzi wa vyandarua vingi hautoki shambani kama pamba. Unavutwa kutoka plastiki iliyoyeyushwa ikawa kama uji mzito. Lakini si kila uji unakubali kuvutwa kuwa uzi, na jambo hili mama yeyote anayepika bamia, ile wengine wanayoiita gombo, amekwisha kuliona.

Akiinua kijiko cha asali, asali inashuka taratibu, inakuwa nyembamba, kisha inakatika na kuanguka. Akiinua tonge la bukari lililochovywa kwenye bamia, utelezi unafuata kama kamba, na ukikatika sehemu yake inaruka kurudi juu. Asali ni nzito kuliko maji ya bamia, lakini bamia ndiyo yenye kamba. Maana yake, uzito peke yake hautoshi kufanya uzi.

Siri ni minyororo. Ndani ya utelezi wa bamia mna chembe ndefu sana, zinazoitwa polima, zilizoshikana kama nywele zisizochanwa. Ukivuta, zinanyooka na kujipanga upande mmoja, nazo zinazuia kamba isikatike. Chembe za sukari ya asali ni fupi, hazishikani hivyo.

Viwandani kanuni ni hiyohiyo. Uji wa polima unasukumwa kupita kwenye matundu madogo sana. Ukiwa mwepesi mno, unakuwa matone badala ya uzi. Ukiwa mzito mno, hausukumiki, au unakatika unapovutwa. Kuna polima zinazolainishwa kwa maji ya dawa, kama ile ya miti inayotoa kitambaa cha viskosi. Nyingine, kama plastiki ya chandarua, zinalainishwa kwa moto.

Mwaka 1930, huko Marekani, Julian Hill wa kampuni ya DuPont alichovya kijiti kwenye polima iliyoyeyuka, akavuta, akapata uzi. Uzi huo ulipopoa akauvuta tena, ukarefuka na kuwa imara zaidi. Mwaka 1935 kundi hilohilo, chini ya Wallace Carothers, lilipata nailoni, ambayo leo wavuvi wengi wa Luapula na ziwa Moero wanaijua kwa nyavu zao.

Karibu zaidi na Kongo, kiwanda cha A to Z cha Arusha, Tanzania, kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vya Olyset. Humo dawa ya kuua mbu inachanganywa na plastiki kabla ya uzi kuvutwa, kisha inatoka polepole kuja juu ya uzi. Vyandarua vingine vinapakwa dawa juu ya uzi uliokwisha kutengenezwa.

Hapo ndipo faida ya kujua inapoonekana. Uzi uliozaliwa kwa moto unarudi kuwa uji kwa moto: kaa moja au mshumaa unatosha kufungua tundu la mbu. Jua kali linakatakata ile minyororo mirefu mpaka uzi unakuwa dhaifu, tena linaharibu dawa. Kwa hiyo chandarua kipya kinatandazwa kivulini siku moja, usiku na mchana, kabla ya kulaliwa. Kinafuliwa kikiwa kichafu tu, kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, na kuanikwa kivulini. Kisifuliwe mtoni, kwa maana dawa yake inaua samaki.

Familia iliyoacha kila kitu nyuma haina cha kununulia chandarua cha pili. Kile ilicho nacho, kikitunzwa vizuri, kinaweza kulinda watoto kwa miaka kama 3.