Februari Katika Vilima vya Kondoa

Msafiri anayetoka Morogoro kwenda Dodoma hupita Kibaigwa, wilayani Kongwa, penye mojawapo ya masoko makubwa ya nafaka nchini. Tulipopita hapo mwezi wa Februari, magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa hadi kukaribia paa, wapagazi wakipishana na malori yakingoja zamu ya kupakia. Tunalitaja soko hilo kwanza kwa makusudi. Safari yetu ilihusu njaa, na ni vyema msomaji ajue tangu mapema kwamba nafaka haikuwa imetoweka katika nchi. Ilikuwapo, ila ilikuwa imekwishahama kutoka mikononi mwa walioilima.

Kila mwaka, baina ya Januari na Machi, baadhi ya waumini wa msikiti wetu wenye asili ya Kondoa huijia kamati na ombi lile lile: msaada wa unga wa kupeleka nyumbani kwa wazazi. Wazazi hao si wafanyakazi waliopunguzwa kazini wala wakimbizi. Ni wakulima, na wengi wao walivuna miezi saba tu iliyotangulia. Kamati ikaona haitoshi kutoa unga mwaka baada ya mwaka bila kuielewa sababu. Ikatutuma watu watatu, imamu msaidizi, mweka hazina na katibu, twende tukaone kwa macho.

Kutoka Dodoma mjini barabara inaelekea kaskazini kwa lami safi. Njia hii ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na wenyeji bado wanasimulia jinsi zamani basi lilivyoweza kulala njiani masika. Baada ya Chemba ardhi huanza kuinuka, na mbele huonekana vilima vya Irangi, nyumbani kwa Warangi, ambao wengi wao ni Waislamu tangu misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipopita huku katika karne ya 19. Mji wa Kondoa uko penye chemchemi ya maji yasiyokauka. Anayeyaona maji yale hudhani amefika katika nchi ya neema tupu, mpaka atoke nje ya mji na kuona makorongo.

Makorongo hayo ni historia. Ardhi ya vilima hivi ilimomonyolewa kwa miaka mingi na ukataji miti, kilimo cha miteremkoni na wingi wa mifugo, hata serikali ikaanzisha mwaka 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la takriban kilomita za mraba 1,256. Miti ikarudi, nyasi zikarudi, na mabonde yaliyokuwa mchanga mtupu yakalimika. Mzee mmoja wa kijiji tulichofikia alituonyesha mteremko wenye miti iliyoshikana na kusema, "Wanangu, hapo tulipokuwa vijana palikuwa pekundu kama jeraha." Kisha akaongeza kwamba ng'ombe walipoondoka waliondoka na samadi, na akiba ya kuuza siku ya shida. Ufugaji wa ndani ulioruhusiwa baadaye ulirudisha ng'ombe wachache, lakini si kwa kila mlango. Mashamba nayo, kwa kugawanywa mirathi kizazi baada ya kizazi, yamekuwa vipande vya ekari moja moja.

Juu ya hayo kuna mvua. Kondoa ina msimu mmoja tu, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Mara nyingi Februari hupita wiki mbili au tatu za jua kali, wakati mahindi yanapotoa mbelewele. Wiki hizo zikizidi, jani hujisokota na gunzi huwa na meno ya kibogoyo. Uwele na mtama huvumilia zaidi, lakini ndege huvishambulia, na watoto waliokuwa wakiamia ndege siku hizi wako shuleni, jambo ambalo hatuwezi kulilalamikia. Hivyo mahindi yamechukua nafasi kubwa mashambani ingawa nchi yenyewe inapendelea uwele.

Haya yote ni mitihani ya ardhi na mbingu. Hata hivyo, hesabu tuliyoipata nyumbani kwa mama mmoja mjane ilitufundisha kwamba njaa ya Februari ina mlango mwingine. Tulimkuta akichambua mlenda. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kukaa mkekani, tulimwomba atueleze mavuno yake yalikwenda wapi. Hakuona haya, wala hakulia. Alihesabu kwa debe, nasi tuliandika.

Alivuna magunia kumi ya mahindi na gunia moja la uwele. Gunia ni debe sita, hivyo jumla ni debe sitini na sita. Nyumba yake ina watu sita: yeye, mama mkwe na watoto wanne, nao hula debe moja kwa wiki. Mwaka una wiki hamsini na mbili. Kwa hesabu hiyo alivuna chakula cha mwaka mzima na ziada ya debe kumi na nne.

Mahindi yake yalikuwa yamevuka nisabu ya wasaki tano, sawa na takriban kilo 650, nayo yalilimwa kwa mvua. Akatoa sehemu ya kumi kuwa zaka, debe sita, siku ile ile ya kupura. Uwele haukufika kiwango. Kisha akaja aliyemkopesha debe sita Februari iliyopita, kwa sharti la kurudishiwa kumi na mbili. Akazichukua. Shule zilipotaka sare na madaftari, na mama mkwe alipolazwa, akauza magunia mawili. Mnunuzi alikuja na magunia yake mwenyewe na kuyashindilia kwa mtindo wa lumbesa, kila moja likameza debe saba, naye akalipia mawili ya kawaida. Hizo ni debe kumi na nne. Debe nne zaidi ziliharibiwa na dumuzi.

Ondoa sita, kumi na mbili, kumi na nne na nne. Zinabaki debe thelathini. Alianza kuzila mwanzoni mwa Julai, zikaisha mwishoni mwa Januari. Bei ya mahindi sokoni ilikuwa karibu mara mbili ya ile aliyouzia. Basi akarudi kwa mkopeshaji yule yule kuchukua debe sita nyingine.

Tulinyamaza kwa muda. Mwanamke huyu Julai alikuwa mtoa zaka, na Februari yumo katika orodha ya wanaostahiki kupewa. Hakuwa mvivu wala mbadhirifu. Alikosa tu fedha mwezi wa Julai, mwezi ambao sisi wa mjini hudhani mkulima ameshiba.

Tulimtafuta pia mkopeshaji, kwa kuwa haki ni kusikiliza pande zote. Ni mtu wa safu ya mbele msikitini, mpole wa maneno. "Mashekhe zangu," alisema, "mimi nisipotoa, watoto wale watakula nini? Na mvua ikikatika nani atanilipa?" Swali lake lina uzito, na hatukulipuuza. Lakini debe sita kwa kumi na mbili ni riba iliyo wazi, na jina la msaada haliibadilishi. Imamu wetu alimweleza kwa upole kwamba sheria haikumfungia mlango mwenye mali. Ipo biashara ya salamu, ambamo mnunuzi hulipa thamani yote papo hapo, na aina, kipimo na tarehe ya kukabidhiwa mazao vikaandikwa. Hapo mkulima hupata fedha mapema kwa bei waliyoridhiana, na mnunuzi hupata faida yake ya halali. Jambo hilo si sawa na kununua shamba la mtu kabla matunda hayajaonyesha kukomaa, jambo alilolikataza Mtume (SAW). Mzee yule alisema atafikiri. Na kuhusu lumbesa, sheria ya vipimo ya nchi inaikataza, na Surat al-Mutaffifin ilikwishatoa onyo kali kwa wanaopunja vipimo karne nyingi kabla ya sheria hiyo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa mahindi, akiba huoza. Dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, alionekana nchini kwanza mkoani Tabora kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, na tangu hapo ameugeuza unga mahindi ya watu wengi yangali ghalani. Hatari kubwa zaidi haionekani kwa urahisi. Mwaka 2016 sumu kuvu iliwapata watu katika maeneo ya mikoa ya Dodoma na Manyara, zikiwemo wilaya za Chemba na Kondoa. Waliougua walifikia 68, na 20 kati yao walifariki dunia. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota katika nafaka isiyokauka vizuri, na kupika hakuiondoi. Familia yenye njaa haitupi mahindi yenye ukungu. Huyachambua kidogo, huyasaga na kuyala. Hivyo ghala baya huua kwa njia mbili: kwa kupunguza chakula, na kwa kukitia sumu kile kilichobaki.

Katika kijiji cha pili tulikuta jambo lililotutia moyo. Chumba kimoja cha madrasa kimewekwa chaga za mbao, na juu yake imepangwa mifuko ile yenye tabaka za plastiki isiyopitisha hewa, ambayo mdudu akifungiwa ndani hufa kwa kukosa pumzi. Mahindi huanikwa kwenye turubai badala ya udongo mtupu, kisha hufungwa. Kila nyumba ina alama yake. Sehemu ya zaka ya mavuno haigawiwi yote Julai, wakati hata maskini ana chochote. Hao wenye kuistahiki hukabidhiwa fungu lao kwa maandishi, nao kwa hiari huliacha chumbani humo mpaka wanapolihitaji. Pembeni kuna magunia ya sadaka ya kukopeshana kwa karadha njema: anayechukua debe sita hurudisha sita. Mwalimu wa madrasa, kijana wa makamo yetu, alituambia kwamba wazo hilo walilipata katika kusoma kisa cha Nabii Yusuf (AS), ambaye hakuwaombea watu mvua tu, bali aliwapangia namna ya kuhifadhi nafaka katika miaka ya neema. Tulimuuliza kama wote hurudisha. Akacheka. "Si wote, shekhe. Lakini anayeshindwa tunamjua, na shida yake tunaijua. Tunamngoja."

Tuliporudi, kamati ilikutana na kujadili kwa kirefu. Wapo waliosema wenye njaa hawawezi kula mipango, na kauli yao ni ya kweli: unga wa Februari hii ulipelekwa. Wapo waliohofia kukopesha watu walio mbali. Mwishowe tulikubaliana kwamba sehemu ya sadaka ya jumla, isiyokuwa zaka, itanunua mifuko, turubai na magunia ya mwanzo ya karadha njema kwa kijiji cha mjane yule, na kwamba usimamizi utakuwa wa wenyeji wenyewe. Tutarudi huko Julai kuona kupura, na Februari ifuatayo kuona ghala. Habari tutakazozikuta, ziwe nzuri au mbaya, tutaziandika hapa.

Kwa familia zenye wazazi shambani, iwe Kondoa au kwingineko, tunalo ombi moja ambalo halihitaji kamati. Fedha mnayotuma Februari kununua gunia moja, jitahidini kuituma Julai. Gunia lile lile litabaki ghalani kwa mama kwa karibu nusu ya gharama, naye hatalazimika kuliuza ili alipe sare za shule, wala kubisha hodi kwa mkopeshaji. Muulizeni pia amelianika juu ya nini, na amelifunga katika mfuko gani. Maswali hayo mawili ni sehemu ya kuwatendea wema wazazi.

Mwenyezi Mungu awabarikie wakulima wetu mvua yenye manufaa, na atujaalie mavuno yakae majumbani mwa walioyatolea jasho. Amin.