Nyumba ya Likizo: Kutoka Diani hadi Lamu, Tukaishia Kibokoni

Miaka kumi na miwili imepita tangu tuhamie Leicester, na kila mwaka swali la nyumba lilirudi mezani kwetu. Tulikuwa tumeweka akiba, haba na haba, bila ya mkopo wa riba, hadi kikapatikana kiasi cha kununua makao madogo ya likizo. Wenzetu wa Uingereza walitushauri Antalya, kwa kuwa safari si ndefu na misikiti iko tele. Wengine wakaisifu Dubai. Hatukuzidharau nasaha zao. Lakini watoto wetu watatu wanazungumza Kiswahili cha kuokoteza, na mama yetu aliye Mombasa hawezi tena safari ya ndege kwa ajili ya magoti. Nyumba iliyo mbali naye ingekuwa hoteli tu, tena hoteli tunayoilipia mwaka mzima.

Basi likizo ya skuli ya mwaka jana tuliitumia kuizunguka pwani, kusini na kaskazini. Dada zetu kadhaa walioko ng'ambo wametuuliza tuliona nini, nasi twawajibu hapa kwa pamoja.

Tulianza Diani. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu humfikisha mtu pwani ya kusini bila ya kungoja feri ya Likoni, na kwa mwenye watoto na mizigo hiyo si faraja ndogo. Mchanga ni mweupe, mbega wanaruka juu ya mapaa, na kwenye mlango wa mto umesimama Msikiti wa Kongo, wa mawe ya kale, ungali unasaliwa chini ya kivuli cha mibuyu. Tulioneshwa fleti nzuri. Kwa sheria ya mwaka 2020 mwenye fleti aweza kupata hati ya sehemu yake hasa, si hisa tu katika kampuni ya jengo, kwa hiyo upande wa karatasi haukututisha. Lililotukwaza ni maisha yenyewe. Bwawa la kuogelea li katikati, madirisha yote yanalitazama, na majirani ni wapangaji wa juma moja moja. Mwanamke atakaa na buibui lake ndani ya nyumba yake mwenyewe? Tena likizo za Uingereza huangukia msimu wa kusi, bahari imechafuka na mwani umejaa ufukoni. Ile picha ya bahari tulivu ya rangi ya feruzi ni ya kaskazi, wakati watoto wetu wamo darasani na makoti yao.

Malindi hatukukaa sana. Mto Sabaki huleta udongo na kuigeuza bahari ya mji kuwa rangi ya chai ya maziwa. Wanaotaka maji safi huenda Watamu, na Watamu bei zimepanda. Tulivuka mto tukaenda upande wa Mambrui, na huko tukapelekwa kwenye kiwanja karibu na bahari kwa bei iliyotushangaza kwa uchache wake. Minazi ilikuwa mirefu, imepandwa kwa mistari. Kulikuwa na nyumba nne za makuti, na bibi mmoja akichoma mahamri. Dalali alituambia, "Hawa si kitu, wataondoka." Yule bibi alitutazama akauliza kwa upole, "Mwaja kununua, wanangu?" Tukashindwa kumjibu.

Anayenunua ardhi ya pwani hana budi kujua lilikotoka neno hili "wataondoka." Mwaka 1895 Waingereza waliukodi ukanda wa pwani wa maili kumi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 ikatungwa sheria iliyowataka watu wadai ardhi zao kwa maandishi. Ambayo haikudaiwa ikawa mali ya serikali ya kikoloni. Wengi wa waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao hapo hawakudai, ama kwa kutojua ama kwa kukosa njia, na vizazi vyao hadi leo huitwa maskwota. Juu ya hayo, mila ya pwani yakubali mti uwe na mwenyewe na ardhi iwe na mwenyewe mwingine. Kiwanja chaweza kuwa na hati safi kabisa huku minazi iliyomo ikiwa ni ya bibi wa mahamri. Hati ile yatosha mahakamani, sisi haikututosha. Tuliondoka kabla ya alasiri.

Lamu ilitutia majaribuni. Siku nzima ya barabara hadi Mokowe, kisha mashua, kisha mji usiokuwa na magari, punda wakipita na mawe na chokaa. UNESCO iliuingiza mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2001, lakini mwenye kuingia nyumba zake hahitaji kuambiwa na UNESCO. Nyumba ya Kiamu imejengwa kwa stara. Mgeni huishia dakani, kwenye baraza mbili zinazotazamana. Mlango wa ndani hupinda ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani. Misana hufuatana, kila mmoja ndani zaidi ya wa kwanza, hadi chumba cha ndani chenye zidaka za plasta zilizochongwa. Vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake umefuata urefu wa boriti ya mkoko. Na juu ya vichochoro kuna wikio, vile vyumba vya daraja vinavyounganisha nyumba mbili, ambavyo wanawake walivitumia kutembeleana bila ya kushuka njiani. Binti yetu wa miaka tisa alisimama chini ya wikio akauliza kama bado kuna watu wanaopita. Tulidhani amechoka, kumbe alikuwa akipanga atakavyopita yeye.

Lakini nyumba ya matumbawe haipendi kufungwa. Chumvi huila plasta, mchwa huingia katika boriti, na chokaa hutaka mkono wa fundi kila mwaka. Wa kufungua madirisha ni nani, sisi tukiwa Leicester miezi kumi na moja?

Tukaenda Shela, ambako msikiti wa Ijumaa wenye mnara umesimama tangu 1829 na nyuma ya mji kuna vilima vya mchanga vinavyohifadhi maji matamu ya kisiwa. Tulioneshwa nyumba nne. Tatu zilikuwa za wageni wa Ulaya, za kupendeza mno, na zote tatu zimefungwa. Magharibi ilipoingia tulipita kichochoro kimoja chote pasi na kuona taa. Hatuwalaumu waliouza; aliyepewa fedha za nyumba tatu kwa nyumba moja ana watoto wa kusomesha. Ila tulijiuliza kama sisi, wenye jina la Kiislamu na ufunguo ulioko Ulaya, tungekuwa na tofauti gani na wale. Taa yetu nayo ingezimwa.

Tulipomsimulia mama, alicheka. "Wanangu, mwatafuta nyumba ya mwezi mmoja. Mimi nawauliza ya miezi kumi na moja. Ufunguo atakaa nao nani?"

Neno hilo ndilo lililoturudisha Kibokoni, milango mitano kutoka kwake, kwenye ghorofa ya zamani yenye roshani ya mbao na mlango wa nakshi. Chini kuna fundi cherehani ambaye hutoa kodi na hukaa hapo mchana kutwa. Juu ni vyumba vitatu na sakafu ya kuanikia. Hakuna bahari mlangoni, ila mtu akipanda juu huiona. Kubadilisha uso wa nyumba kwataka idhini ya wahifadhi wa Mji wa Kale, na twaona hivyo ni sawa.

Hapa twawaomba dada zetu wasome kwa makini. Kwanza, uraia. Katiba ya 2010 yasema asiye raia hamiliki ardhi ya Kenya ila kwa ukodi usiozidi miaka 99. Mzaliwa aliyechukua uraia wa nje haupotezi wa kwao tena, na aliyeupoteza chini ya sheria ya zamani aweza kuuomba urudishwe. Afanye hivyo kabla ya kununua. Pili, Mombasa kuna nyumba nyingi zisizo na ardhi: mtu ana kuta na paa, na kila mwezi humlipa mwenye kiwanja. Ulizeni mwauziwa kipi. Tatu, na ndilo lililotuchukua majuma saba, ni mirathi.

Mwenye nyumba alikuwa ameshafariki na mali haijagawanywa. Waliotuuzia walikuwa ndugu wanne wa kiume, watu wa heshima. Tulipotaka waraka wa mahakama ya Kadhi tukajua kuwa marehemu aliacha watoto sita. "Dada zetu wamesamehe," tukaambiwa. Tukaomba tuwasikie wao wenyewe. Dalali alikasirika, alisema kuna mnunuzi wa Nairobi mwenye fedha mkononi ambaye haulizi maswali, na huenda alisema kweli. Likizo ikamalizika. Mmoja wetu akarudi na watoto, mmoja akabaki kwa mama.

Dada mmoja aliishi Kisauni, safari ya matatu moja, wala hakuwa ameulizwa lolote. Alisamehe nini? Wa pili ameolewa Tanga. Akina kaka, twawapa haki yao, walinyamaza siku tatu kisha wakakubali. Mkubwa wao ndiye aliyepiga simu. Majina sita yakaandikwa mbele ya Kadhi, na kila mmoja akalipwa fungu lake mkononi mwake, si kupitia kwa mwingine.

Yule wa Tanga alikuja kwa basi la asubuhi, akapanda ngazi taratibu akiigusa kuta. Hakutaja fedha. Alisema wanunuzi wa vitu vya kale huzunguka mitaani wakitafuta milango, na kwamba mlango huu baba yake alikuwa akiupaka mafuta kila mwezi wa Shaabani, nao watoto wakishika taa. Akaomba usiuzwe. Wakili alisema sharti kama hilo halina kawaida katika mikataba ya nyumba. Tukamwambia aliandike, naye akaliandika, na mama ameshanunua mafuta.