Kabla hujakubali kuwa ringi zimekwisha, soma plagi na ufungue chujio la hewa

Wiki hii sigusi mbegu wala dawa. Mvua imekata, kitunguu kinataka maji, na simu nyingi ninazopokea si za wadudu tena, ni za pampu. "Bwana shamba, mashine inatoa moshi wa bluu." Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu moja tu: ringi hizo, mpelekee fundi.

Jibu hilo lilimgharimu mzee mmoja wa bonde letu, ndiyo maana naandika.

Mzee alikuwa na pampu ya petroli ya inchi mbili, hizi zenye injini ya Honda GX160 au nakala zake za Kichina ambazo ndizo zimejaa kwetu. Vitunguu vilikuwa vimeanza kutunga. Nilipita na pikipiki, nikaona moshi, nikafungua plagi, nikaikuta nyeusi na imelowa oili. Nikamwambia palepale: mzee, ringi zimekwisha. Hakuwa na hela. Akaenda kwa mnunuzi akachukua fedha za mapema, kwa ile bei ya kuuzia shambani ambayo wote mnaijua. Fundi akashusha injini, akaweka pistoni na ringi mpya. Haikupita wiki, moshi ukarudi vilevile. Mimi nikasema fundi hajui kazi, fundi akasema spea ni feki. Mzee hakusema kitu. Alibeba pampu yake akaenda kuiweka stoo.

Msimu uliofuata nikaitwa kwa mama mmoja kando ya mto. Moshi uleule, plagi ileile. Fundi ameshampa bei, laki moja na nusu, na mbuzi wawili wamefungwa chini ya mti wakisubiri mnunuzi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umekuja kunizika?"

Safari hii sikutamka neno ringi. Nilimuuliza kijana wake, "Oili uliongeza lini?" Akasema jana, na juzi pia. "Kwa nini?" "Inazima yenyewe, bwana shamba. Nikiongeza oili inawaka."

Basi tukafungua chujio la hewa, lile mafundi wanaloliita eaklina. Sponji ilikuwa inachuruzika. Nilipoingiza kidole kwenye njia ya hewa inayokwenda kwenye kabureta, kilitoka kimepakwa oili. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Pampu ilikuwa imekaa kwenye mteremko wa ukingo. Injini nyingi za aina hii zina kifaa ndani kinachokata moto oili ikipungua. Mashine ikiinama, oili inakimbilia upande mmoja na kifaa kinadhani imekwisha. Kijana anaongeza. Zaidi ya hapo, injini hizi zina matundu mawili ya kujazia, kila upande moja, naye alikuwa akitumia la upande wa juu. Tundu la juu ya mteremko litakuonyesha oili haijafika hata kama imezidi sana. Na kwa kuwa akiongeza mashine inawaka, kila siku alipata ushahidi kwamba yuko sahihi.

Oili iliyozidi inakwenda wapi? Injini ya mapigo manne lazima ipumue. Kwenye kifuniko cha vali kuna mpira mdogo unaopeleka pumzi hiyo kwenye njia ya hewa, karibu na chujio, ili injini iivute tena na kuichoma. Oili ikizidi, au mashine ikilazwa ubavu wa kabureta wakati wa kubebwa kwenye bodaboda, mpira huo unapitisha oili yenyewe badala ya pumzi. Injini inainywa pamoja na petroli. Plagi inalowa, moshi unakuwa wa bluu, na ringi hazina kosa lolote.

Tuliweka pampu pa usawa tukamwaga oili. Injini hii inataka takribani lita 0.6. Sisi tulipata karibu lita moja.

Sasa nieleze vizuri jinsi ya kusoma plagi, maana nayo watu wanakosea. Usiisome baada ya mashine kunguruma bure bila mzigo. Ifanye ivute maji robo saa, izime ghafla ikiwa kwenye kazi, iache ipoe kabisa, ndipo ufungue. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, ukifungua plagi ya moto unaharibu nyuzi. Ukikuta ncha ina rangi ya kahawia hafifu au kijivu, mshukuru Mungu, funga uendelee. Nyeusi kavu, masizi kama ya chungu, petroli ni nyingi kuliko hewa: choki imebaki nusu, au chujio limeziba vumbi. Nyeupe yenye vipele, injini inachemka. Tazama majani yaliyojaa kwenye mapezi ya kupozea, tazama kama hewa inaingia kwa pembeni kwenye gasketi ya kabureta, na hakikisha plagi ni ya namba inayotakiwa; kwa GX160 ni BPR6ES, na uwazi wa ncha ni milimita 0.7 hadi 0.8.

Iliyolowa ndiyo inayowachanganya watu. Ipanguse kwenye karatasi ya daftari usubiri dakika chache. Petroli itakauka na kupotea, oili itaacha doa linalong'aa. Ikiwa ni petroli, umevuta kamba sana na choki imefungwa, au moto haufiki. Ikiwa ni oili, usimwite fundi bado. Fungua chujio la hewa kwanza.

Chujio na njia ya hewa vikiwa vikavu huku plagi imelowa oili, hapo ringi au vali ni washukiwa wa kweli. Moshi ukitoka asubuhi tu unapowasha kisha ukakata, elekea kwenye vali. Ukiendelea muda wote mashine ikiwa na mzigo, elekea kwenye ringi. Lakini chujio likiwa limelowa, rekebisha hilo kwanza, kwa sababu halikugharimu mbuzi. Weka mashine pa usawa, toa kijiti cha kupimia, ukifute, ukirudishe bila kukifunga kwa kuzungusha, ndipo usome. Oili isipite ukingo wa chini wa tundu. Sponji ifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, si kwa petroli, ikauke. Kisha itie oili safi kidogo na uikamue sawasawa. Wapo vijana wanaoichovya kama andazi kwenye chai na kuirudisha inadondoka. Hiyo nayo ni oili kwenye njia ya hewa. Ile ya karatasi haifuliwi, ikilowa nunua mpya. Mashine nyingine zina bakuli la oili chini ya chujio, nalo lina alama yake, usiipite.

Halafu ichape kazi kama saa moja. Moshi hautakata mara moja, kwa sababu bomba la moshi limeshakunywa. Ukipungua na kwisha, umepona. Oili ikiwa kwenye kipimo na bado njia ya hewa inalowa tena, ndipo useme ringi zinavujisha pumzi kuelekea chini, au kivalvu cha kupumulia kimekwama. Jambo moja zaidi: usikubali fundi akuambie "kamba ni laini, ringi zimekufa." Injini hizi zina kifaa kinachofungua vali kidogo wakati wa kuvuta ili iwe rahisi kuwasha. Ulaini wa kamba peke yake haushtaki mtu.

Wenye jenereta za dukani, injini ni ileile, somo ni lilelile. Anayenunua pampu ya mkononi afungue chujio kabla ya kuuliza bei.

Mbuzi wa mama walifunguliwa jioni ile. Siku ya pili nilikwenda kwa yule mzee nikamwomba anionyeshe pampu yake. Ilikuwa stoo, nyuma ya magunia. Sponji ilikuwa imeganda oili na vumbi. Nikamuuliza alikuwa akiiweka wapi wakati wa kumwagilia. Akanionyesha kwa kidole: ukingoni, mtelemko mkali kuliko wa mama. Tulimwaga oili, tukasafisha, plagi mpya nikanunua mimi. Iliwaka mvuto wa tatu. Alisimama akiitazama ikitoa maji, akaniuliza kama ringi zake za zamani zilikuwa nzima.

Nikamwambia nadhani zilikuwa nzima. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuhamisha mpira wa maji.