Mstari wa 25

Jamani, jana mchumba wangu kanifunga mdomo. Yeye anataka asome shahada ya pili, mi nataka tufunge ndoa kwanza. Nikamtolea Waefeso 5:22, mke amtii mumewe. Akasema taratibu, "Sawa, sasa shuka hadi 25." Pale mume anaagizwa ampende mkewe kama Kristo aliyelifia Kanisa. "Haya, we umeacha nini kwa ajili yangu?" Nikakosa jibu.

Bado naamini mume ni kichwa cha mkewe, Biblia imesema. Ila Kristo alikubali kufa, mi hata miaka miwili ya kusubiri imenishinda! Leo jioni nampigia, namwambia asome kwanza. Wakaka wa feloshipu, nyie huwa mnafika 25, au mnaishia 22 kama mimi?