Moto kwa Kadiri ya Nyumba

Chombo kizuri si chombo kikubwa, bali ni chombo kinacholingana na kazi yake na mahali pake. Neno hili ni jepesi kutamka na gumu kutii, maana mnunuzi asimamapo dukani macho yake huvutwa na tarakimu zilizoandikwa juu ya kasha, na kila tarakimu kubwa humnong'oneza kuwa iliyo ndogo ni aibu. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Nataka kuipima methali hiyo kwa mashine ya kuchomelea vyuma, niliyoitafuta kwa ajili ya gari la marehemu baba yangu, nyumbani kwa mama yangu Mkwajuni.

Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Nchi hii ni ya dhahabu. Ni sehemu ya machimbo ya Lupa yaliyovuta watu wengi tangu miaka ya 1920, na hata leo makarasha ya kuvunjia mawe hunguruma mchana kutwa. Penye karasha pana chuma kinachokatika, na penye chuma kinachokatika hakosekani mchomeleaji. Kwa hiyo sikukosa washauri.

Gari lenyewe ni Land Rover, Series III, aina iliyoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948, wakati Uingereza ilipokuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na kwa sababu hiyo mabamba yake ya nje yalifanywa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Desturi hiyo iliendelea. Ndiyo maana gari la baba, baada ya miaka mingi chini ya mwembe, lilionekana zima kwa mbali. Ngozi yake haikushika kutu, lakini mifupa yake ilikuwa inaliwa: fremu ya chini, ambayo chuma chake kina unene wa milimita 2 hivi, na sakafu ya miguuni pa dereva, ambayo haizidi sana milimita 1. Aluminiamu niliiacha kando, maana hufungwa kwa skrubu na ribiti, na kuichomelea ni elimu nyingine. Kazi yangu ilikuwa milimita mbili na milimita moja, basi.

Fundi mmoja wa makarasha, mtu mwema na hodari, alinionyesha mashine yake ya transfoma, nzito kama jiwe la kusagia. "Mwalimu," alisema, "nunua kubwa. Ndogo itakuaibisha mbele ya chuma." Kwa kazi yake alisema kweli. Chuma cha karasha ni kinene, na karakana yake hupata umeme wa njia tatu. Nyumba ya mama hupata umeme wa njia moja, wa volti 230, na soketi yake ya kawaida hubeba ampea 13. Zidisha namba hizo, utapata karibu wati 3,000, na huo ndio mpaka. Transfoma ya ampea 160 yamkini itavuta ampea 30 na zaidi kutoka ukutani. Hapo breka itakata. Na isipokata ni vibaya zaidi, maana waya zitapata moto ndani ya ukuta pasipo mtu kuona.

Tena kulikuwa na jambo lisiloandikwa juu ya kasha lolote. Mama ana maradhi ya kisukari, na insulini yake hukaa katika jokofu. Mashine inayovuta umeme kwa pupa hushusha volti za nyumba nzima, na mota ya jokofu huumia kwa kushushwa na kupandishwa. Mama aliyasikiliza mashauri yetu, kisha akasema, "Mwanangu, gari haliugui. Mimi ndiye ninayeugua." Sikuona hoja ya fundi yeyote iliyoweza kusimama mbele ya maneno hayo.

Basi nilianza hesabu upya, kutoka nyumbani kwenda dukani. Ziko mashine ziitwazo inveta. Hizo huugeuza umeme wa ukutani uwe wa mkondo mnyofu, kisha huukatakata mara maelfu mengi kwa sekunde, hata transfoma ndogo sana ikatosha. Ndiyo sababu mtu huweza kuibeba moja kwa mkono mmoja. Kuchomelea bamba la milimita 1 kwa mashine ya waya hutaka ampea 60 hivi, na volti 17. Jumla ni wati 1,000 na ushei penye cheche, na pengine 1,500 ukutani. Fremu ya milimita 2, kwa kijiti cha milimita 2.5, hutaka ampea 80 na volti 23, yaani wati zipatazo 2,300 ukutani. Hata hivyo inveta nyingi huvuta mkondo kwa mapigo, na ampea zake huzidi hesabu hiyo nyepesi. Kwa hiyo fundi umeme alivuta waya wa peke yake kutoka kwenye bodi, wenye milimita za mraba 4 na breka yake, usioshirikiana na jokofu.

Nilichagua inveta ndogo ipokeayo waya na vijiti pia. Kabla ya kulipa nilitazama neno moja ambalo wauzaji hulipita haraka: muda wa kazi. Asilimia 60 kwa ampea 100 maana yake ni dakika 6 za kuchomelea katika kila dakika 10, na zilizosalia ni za kupoa. Mtungi wa gesi ulisafirishwa kutoka Mbeya kwa barabara ya Mbalizi, na tulikinga upepo kwa turubai, maana upepo huipeperusha gesi na kuacha mshono wenye matundu. Tangi la mafuta liliondolewa na betri ikafunguliwa kwanza. Jirani alinipa bure vipande vya bati la paa viwe viraka. Nilimshukuru na kuvirudisha, kwa kuwa zinki iliyo juu ya bati hutoa moshi unaoleta homa.

Nilifanya kazi mchana, nukta kwa nukta, nikingoja bamba lipoe. Ilikuwa kazi ya siku nyingi, na fundi wangu wa makarasha angaliimaliza kwa siku mbili. Alipokuja kuitazama fremu aliigonga kwa nyundo, akasikiliza, akaigonga tena, akasema, "Imeshika." Jokofu halikuzimika hata siku moja.

Lugha yetu ina neno kulehemu, tulilolipokea kutoka Kiarabu, na neno kuchomelea, tulilolizaa wenyewe. La pili limetoka katika choma, tendo liwezalo kuteketeza. Viambishi vyake ndivyo vilivyoligeuza likawa tendo la kuunga. Hivyo ndivyo ulivyo moto wenyewe. Mwenye kutaka kuuingiza nyumbani mwake aulize kwanza nyumba inaweza kubeba nini, kisha chuma kina unene gani, na bei aiulize mwisho. Aulizaye kinyume cha hayo huenda akapata mashine bora kuliko zote, akakosa pa kuichomeka.